Turubai la Sabuni

Saa tisa usiku, Vingunguti, na bomba bado linakohoa hewa.
Mimi ndiye mnoa visu.
Nanolea nje, nyuma ya choo,
kwa sababu Maalim Mwinchande hataki chuma kilie
mbele ya yule atakayekufa nacho.
"Unataka umuue mara mbili?" aliniuliza siku ya kwanza,
akanipokonya kinoo.

Ng'ombe wameletwa jana kutoka mnadani Pugu.
Kabla ya Pugu, lori. Kabla ya lori, Meatu.
Siku tatu wamesimama, pembe zimefungwa kwenye mabomba,
na mmoja, wa kijivu, amevunjwa pingili ya mkia
ili ainuke alipotaka kulala.
Pale hakuna aliyesoma bismillahi.

Daktari Kokushubira amekuja na buti nyeupe
na simu inayohesabu sekunde.
Hakuja kugomba.
Anachuchumaa, anagusa mboni kwa ncha ya kidole.
Ikipepesa, anangoja.
Isipopepesa, anaandika.
Wa Maalim: kumi na nane.
Wa Maalim: ishirini na moja.
Wa Mgaza, kijana mwenye haraka ya oda ya hoteli,
aliyekataa nisikiguse kisu chake,
akakata, akarudia, akarudia tena:
tulihesabu naye mpaka tukageuza nyuso.
Themanini na sita.

Kwenye chai ya tangawizi ndipo alipolisema.
"Upo umeme, Maalim. Koleo kichwani, analala.
Moyo unaendelea kupiga, damu inatoka yote.
Wapo mashekhe walioridhia."
"Na wapo waliokataa. Mimi ni nani nikate kesi yao?
Halafu umeme wenyewe, daktari, ndio huu wa kwetu?"
Tukacheka. Hata yeye alicheka.
Ukikatika katikati, ng'ombe aamkie wapi?

Kicheko kikaisha. Sekunde zikabaki palepale,
zimeandikwa kwa peni ya bluu.
Maalim akaiomba karatasi, akaazima miwani ya karani,
akaisoma kama mtu anayesoma barua ya msiba.
"Kumi na nane," akasema.
"Nilidhani ni tatu.
Miaka thelathini na miwili, wallahi, nilidhani ni tatu."

Hakusema ameshindwa.
Aliendea kisu cha Mgaza, akanipa mimi bila neno,
na Mgaza, mwenye mdomo kama cherehani, hakupata la kujibu.
Kisha akapanda benchi, akatundika turubai kuukuu
la tangazo la sabuni,
mwanamke anacheka, povu mpaka viwikoni,
kati ya anayechinjwa na anayengoja zamu.
Tulifundishwa hilo chuoni, tungali tunanyolewa vipara:
mnyama asimwone mwenzake.
Tuliikariri, tukachapwa kwa ajili yake,
tukaja kuiacha hapa, kwenye foleni.

Nami niseme langu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza:
najua makali. Najua wembe unavyopita kidoleni
usiwe na habari mpaka uone wekundu.
Kwa hiyo nilikuwa na amani yangu.
Lakini sijawahi kukatwa shingo,
na anayejua harudi kutueleza.

Alfajiri inakaribia, pikipiki za nyama zimepanga mstari getini,
Buguruni wanaisubiri supu.
Zamu ya yule wa kijivu.
Anatembea vizuri, mkia umelala upande,
anafika kwenye turubai, anasimama.
Haoni kitu. Anamwona mama wa sabuni.
Pua zake zinapanuka,
turubai linavutwa ndani kidogo, linarudi,
linavutwa, linarudi,
na miguu yote minne inakataa sakafu.

Maalim amemwekea mkono kwenye paji, ananong'ona.
Daktari yuko upande wa pili, simu mkononi.
Hajaanza kuhesabu.