Hezi Themanini, Mafinga

Kabla sijagusa chochote niliomba kimya.
Blasio Luvanda akacheka: kimya, Mafinga?
Akafungua dirisha. Misumeno mitatu, mmoja wake mwenyewe,
inachana misonobari
kama watu wa hoja moja wasiochoka kugombana.
Basi tukangoja usiku.

Chumba kakijenga kwa mbao zake,
sakafu, kuta, mpaka dari.
Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole; ukaniitikia.
Nikamwambia, bosi, hiki si chumba, huu ni mzinga,
na wewe umeweka kochi katikati ya nyuki.

Saa nne. Baridi inapita chini ya mlango.
Vumilia kaleta chai, kajifunga blanketi mabegani.
Nikasimamisha maiki, kimo cha sikio la mtu aliyekaa,
nikaihamisha kiti kwa kiti, viti sita,
na mashine ikapiga mluzi wake
toka kina cha kisima hadi ncha ya sindano.
Mara mbili mbwa wa jirani akaivuruga.
Mara ya tatu lori la magogo, dereva anapunguza gia mteremkoni:
maiki ikaliandika lori kuwa besi.
Tukaanza upya.

Majibu yakaja, yamejiamini kuliko mwalimu mkuu.
Spika za mbele: kubwa.
(Inchi tano! Kubwa kwa lipi?)
Sabufa: iko umbali wa mita sita na nusu.
Chumba chenyewe hakizidi mita tano.
Hapo haidanganyi, imehesabu na uvivu wake,
ule muda wa mnene kuinuka kitini.
Hiyo nikaiacha. Ile ya ukubwa nikaifuta, nikaandika: ndogo.
Ndogo si tusi.
Kila mmoja abebe gunia analoliweza.
Chini ya hezi themanini, mtwishe sabufa;
juu ya hapo waache wadogo waseme,
na pale mpakani, mzigo unapobadili bega,
asisikike mtu akiguna.

Palikuwa na mlima kwenye arobaini na tatu,
mbao zote zikiitikia pamoja. Mashine ikaukata.
Palikuwa na shimo pia, kiti cha kati,
wimbi linapanda huku, lenzake linashuka kule, yanafutana.
Shimo la namna hiyo halijazwi kwa nguvu,
ukimimina linameza.
Nikasogeza kochi hatua moja mbele.
Basi.

Mstari ukanyooka kwenye kioo. Nikaweka filamu yenye mvua,
na mvua ikanyesha chumbani bila kulowesha mtu.
Blasio akageuza kichwa, sikio la kulia mbele.
"Mbona umeniibia sauti?"

Miaka ishirini na sita ya msumeno.
Sikio la kushoto limebaki la kutundikia miwani.
Sa na sha na fa hazifiki kwake:
shamba ni amba, samahani ni amahani.
Alichobakiwa nacho ni ule mlima wa arobaini na tatu,
anaoupokea kwa mgongo na kwa nyayo,
na mimi nimetoka kuusawazisha.
Maiki ilipima chumba. Yeye hakuna aliyempima.

Nikarudi kupiga magoti mbele ya mashine, chai imepoa.
Nikahifadhi mipangilio miwili.
Wa kwanza nikauita Nyumba: mstari umenyooka,
wa wageni, wa Vumilia.
Wa pili nikauita Luvanda.
Mlima nimeurudisha, si wote, nusu yake,
na spika ya kati nikaiinua kidogo
maneno yamfikie hata yakiwa yamevunjika meno.
Fundi mwenzangu akiuona mstari ule atanicheka.
Na acheke.

Blasio akaegemeza kiganja ukutani.
Kitu kikanguruma, kikapita, ubao ukatetemeka mkononi mwake.
"Hiyo," akauliza, "ni filamu au ni lori?"
Nami sikujua. Tukatazamana.

"Lori," akasema Vumilia toka mlangoni.
"Filamu imekwisha zamani."