Kona

Neno hili nililijua kwanza kwa mikono,
nikiwa utingo wa Fuso la Ngwasi Mgongolwa.
Kitonga tulipanda kwa gia ya kwanza,
na kila kona mimi naruka chini na jiwe,
nakimbia kando ya tairi la nyuma
kama mtu anayemsindikiza mgonjwa,
tayari kulitia endapo breki zitakataa.
Jiwe lile tuliliita Mke Mwenza.
Lilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja.

Halafu kuna kona za mjini:
Kona Baa pale Makambako, isiyo kwenye kona yoyote;
kula kona, ambako huachi sahani, unaacha deni;
na kukata kona, anakokata shemeji yangu
kila aionapo kadi ya mchango wa harusi.

Neno moja, na bado halijaingia uwanjani.

Teofrid Kikoti ndiye aliyenivuta pembeni.
Alisoma seminari miaka minne,
akarudi bila upadri, na begi la Kilatini
ambalo Lupembe nzima hakuna wa kuliazima.
Anachuma chai, anacheza winga wa kushoto.
Tulikuwa tunagawana hindi la kuchoma kabla ya mechi,
yeye mwenyeji, mimi kipa wa wageni,
akasema, punje mdomoni:
Kona Waingereza waliitoa kwa Wafaransa,
Wafaransa waliiokota kwa Warumi,
na kwa Warumi ilikuwa kornu.
Kornu ndiyo nini?
Akaweka vidole viwili kichwani, akaniinamia kama fahali.

Pembe.

Nikacheka hadi punje zikanipalia.
Yaani neno limevuka bahari,
limebadilishwa nguo mara tatu,
limetufikia limevaa njumu
kuja kutuambia pembe!
Sisi, ambao pembe ya ng'ombe na pembe ya nyumba
tuliziita jina moja kabla hatujaona mpira.
Sisi, tuliokaa siku hiyo Lupembe,
mahali ambapo mama yangu, Mbena, akipatamka,
unaisikia pembe humo ndani, nzima, na ncha yake.

Kipindi cha pili ukungu ukashuka toka mashamba ya chai.
Goli la kule silioni. Nausikia mpira tu, pu, pu,
na mtu nyuma yangu anapuliza baragumu.
Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila,
refa akanyoosha mkono kwenye kibendera:
ufito wa mkaratusi, kipande cha mfuko wa mbolea.
Kona.

Na hapo, niseme kweli, sikuwa uwanjani.
Nilikuwa kona ya tatu toka juu,
usiku ule nilipolala na homa nyumbani Ilula
na Mke Mwenza akapanda na kijana mwingine.
Ngwasi hakupiga honi.
Wamesema hivyo waliokuwa nyuma yake.
Honi nayo, ukimuuliza Teofrid,
kwa Waingereza ni pembe.

Mpira ukatokea ukunguni.
Haukuja moja kwa moja.
Njia yake ilianza nene kule kibenderani,
ikajipinda, ikapungua, ikapungua,
mpaka ikawa ncha kwenye nguzo ya mbali.
Nikajitupa, mikono yote miwili, chini,
mahali linapowekwa jiwe.

Ulipita juu.

Teofrid akaja kunipa mkono, matope hadi masikioni.
Umenipiga pembe, nikamwambia.
Akadhani natania, akacheka, akanikumbatia.

Tuliondoka giza limeingia, watu kumi na sita nyuma ya kenta,
hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo ni baya zaidi.
Dereva wetu alikuwa mtoto mdogo, pengine miaka ishirini,
mwangalifu.
Alipiga honi kila kona.
Sikumwambia alichokuwa anakiita.