Mafuta ya Cherehani

Marehemu aliinunua Mpwapwa, imeshatumika,
kwa Mzee Chilongani, bwana mifugo mstaafu,
pamoja na saa ya ukutani isiyotembea.
Saa nimeigawa. Bastola imebaki,
nami nimebaki nayo: mjane, muuza mahindi wa Kibaigwa,
na kibali chenye jina langu, Matika Ndahani,
baada ya miezi kumi na moja ya njoo kesho.

Ni nzito. Hilo kwanza.
Nzito kama jiwe la kilo ninalopimia kunde,
ila jiwe halina mdomo.
Weusi wake umepauka ubavuni, ilikosuguana na ala,
umeng'aa kama goti la suruali kuukuu.

Mwaka wa kwanza niliipaka alizeti.
Kwani huku tuna nini kingine?
Alizeti tunakaangia, tunapaka bawaba, tunapaka visigino.
Kufika Krismasi silinda ikagoma kuzunguka,
inanata kama mlenda wa jana.
Fundi Mbijima, wa cherehani, mgambo wa zamani,
aliinusa, akacheka mpaka miwani ikaanguka:
"Mama, umeikaanga."

Akanipa kichupa cha mafuta ya cherehani.
Tone moja kwenye mhimili. Moja kwenye bawaba. Basi.
Mafuta mengi huita vumbi,
na vumbi la Septemba halingoji kuitwa.
Akanionya na bisibisi: ukilazimisha isiyo yake
unachubua kichwa cha skrubu,
na spea zake Dodoma hakuna, Dar hakuna,
labda zimezikwa na aliyezichonga.

Basi Jumamosi, malori ya Kiteto yakishapakuliwa,
najifungia chumbani.
Risasi ziko chumba kingine, ndani ya kasha, chini ya kufuli.
Nahesabu matundu sita, matupu. Nahesabu tena.
Nachana kanga iliyochoka, imebaki na nusu ya maneno,
napitisha MGENI NJOO ndani ya mtutu.
Inatoka nyeusi.
Nachana nyingine.

Mpini ni wa mti, una chanjo kumi na nne za kisu.
Shemeji alisema vita. Jirani alisema majambazi wa njia ya Gairo,
tangu hapo ananikopesha bila kuniuliza lini.
Mimi nilirudi Mpwapwa kumuuliza mwenyewe.

Alikuwa kitandani, macho yameingia ukungu.
Alizipapasa kwa kidole gumba, moja baada ya moja:
"Huyu mwekundu, wa kina Masinga.
Huyu ndama wake.
Huyu dume lenye baka.
Huyu... huyu alinitazama."

Ng'ombe.
Homa ya mapafu, mwaka ambao hakupenda kuutaja.
Amri ilitoka juu; mkono ulikuwa wake.
"Kuna maboma," alisema, "mpaka leo
nikipiga hodi, *mbukwa* yangu haijibiwi."
Sikuwa na la kumwambia. Nilimmenyea chungwa.

Juzi nimeipeleka kukaguliwa, kituoni Kongwa.
Askari kijana akaivuta, akaisukuma, akaigeuza,
jasho likamtoka kwa ajili ya chuma cha zamani.
"Inakatika kiunoni, mwanangu."
Nikabonyeza komeo, ikainama
kama mtu anayeng'oa karanga.
Akaandika: *Hali: nzuri.*
Akauliza, "Umewahi kuitumia?"
Nikamwambia sijawahi, na Mungu anisaidie niendelee hivyo.
Hiyo hakuiandika.

Fundi anataka kuupiga mpini msasa.
Utapendeza, anasema, utakuwa kama mpya.
Nimemkatalia, na sababu sikumpa.

Uchafu hupenda kukaa ndani ya zile chanjo,
tope la mafuta na vumbi na jasho la kiganja,
kitambaa hakiufikii.
Nautoa kwa mwiba wa mgunga, polepole, taa ikiwa karibu:
mwekundu wa kina Masinga,
ndama,
dume lenye baka,
yule aliyetazama.
Kumi waliobaki siwajui majina.
Nao nawasafisha.