Vifungo vya Bohdana

Kwanza vilinicheka.
Vifungo kumi na viwili vya kioo cheusi
juu ya karatasi nyeupe, hapa Jablonec,
na ndani ya kila kimoja: dirisha, birika,
shati la Radim kwenye kamba,
na mimi nimeinama, pua kubwa kama kiazi.
Nilipiga picha ya kifungo, likatoka jiko.

Mteja mmoja akaandika: vizuri sana,
lakini huyo aliyemo ndani ni nani?

Vichujio vya dukani, bei yake kodi ya miezi miwili.
Nikaenda nyuma ya shule, kwenye rundo la kompyuta zilizokufa,
nikachagua skrini yenye ufa,
nikaibandua ngozi yake kwa wembe, polepole.
Gundi ilitoka kwa spiriti na matusi.
Nikabaki na utando wa rangi ya moshi
wenye kazi moja tu:

mwanga huja na vurugu, unatikisika juu chini, kushoto kulia,
wageni wa harusi wanaosukumana mlangoni;
utando huwapitisha wanaoingia kiubavu,
wengine wakalalamike nje.
Shika vipande viwili, kimoja juu ya kingine,
zungusha,
mchana unageuka usiku katikati ya vidole.

Kimoja taa ya kulia, kimoja taa ya kushoto,
mbali kidogo na balbu visijikunje kwa joto.
Nilivichora mshale kwa wino, vyote vielekee pamoja,
maana juzi kimoja kilikaa upande
na taa ya kushoto ikanisaliti usiku kucha.
Karatasi ya kuokea mikate, kulainisha mwanga.
Boksi la viatu. Koleo za nguo, nne.
Na mdomoni mwa lenzi, kichujio pekee nilichonunua,
mkweche, kimekwaruzika ukingoni.
Nikakizungusha kwa kidole gumba.

Birika likaondoka.
Dirisha likaondoka, shati likafuata.
Nikaondoka na mimi.
Pakabaki ua: petali saba, na katika kila mfereji
dhahabu iliyopakwa kwa brashi ya nywele tatu.
Miaka kumi naishi nyumba hii
sikuwahi kuiona ile dhahabu.

Nikaupeleka ushindi wangu kwa mama mkwe,
Bohdana, aliyekandamiza kioo bandani miaka arobaini
hadi vidole vyake havisikii tena chai ya moto.
Aliitazama picha. Akavua miwani. Akaivaa.
"Umekiua," alisema. "Hiki ni kipande cha lami.
Kioo kisichong'aa, nani atajua ni kioo?"

Sikumjibu. Nilikasirika, nikaosha vyombo visivyo vichafu.

Asubuhi nikakirudisha kichujio nyuma,
unywele mmoja, unywele mwingine,
hadi ukingoni mwa ua pakazuka uzi wa mwanga,
mwembamba kama kucha ya mtoto mchanga.
Nikaishia hapo. Nikatia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu,
nisije nikapotea njia.

Vikaanza kuuzika. Si vingi.

Halafu siku moja, mchezo tu,
nikakimulika kimoja kutoka chini, cha samawati hafifu,
utando chini yake, kichujio juu yake.
Weusi ukajipanga msalaba katikati ya kifungo
na pembeni pakafumka rangi
za petroli juu ya dimbwi la mvua.
Nikamwita. Akaja na unga mikononi,
akachungulia kwenye kamera, akakaa kimya
mpaka birika likapiga mluzi likachoka.

"Hiki ni cha Februari," alisema.
"Siku ile Zdeněk alipolazwa.
Nilifungua tanuri la kupozea mapema, nikakimbilia basi.
Kilipoa kwa pupa. Bado kimejikaza."

Akakitia mfukoni mwa aproni.
Nikamuuliza niandike bei gani.

"Hicho hakiuzwi, kitapasuka chenyewe siku moja.
Haya, piga vingine."