Daftari la Jozi

Chumba cha uani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Masanduku tisa, taa ya joto, harufu ya maranda.
Nimeandika kwa penseli:
Saburi, dume, pete nyeupe kumi na nane,
kwa Wanja, jike, mweusi tii, hana hata doa,
ila mama yake alikuwa mweupe.
Saburi nilimnunua Muheza. Ukoo wake sikuuliza.

Rangi hulala kizazi kizima
kama noti iliyoshonewa ndani ya godoro,
na mwenyewe hajui ameilalia.

Bi Mwanshamba huuliza ng'ambo ya ukuta:
"Nyoka nao huposwa?"
Huposwa, bibi. Mahari panya wawili.

Siku ya sitini na moja mayai yakachanika.
Weusi watano. Wenye pete wawili,
mmoja pete imemkatikia mgongoni.
Wa mwisho akatoa kichwa:
mweupe, macho punje za komamanga.

Nikakaa sakafuni, nisiandike.
Shangazi Mwanaasha alizaliwa vile,
na babu akamtazama mara moja,
akafunga mzigo, akapanda treni ya Moshi.

Penseli bado ninayo.
Ningekuonyesha, babu,
hapa, kwenye mstari wa dume.