Ndoo Isiyo na Kifuniko

Siku kiwanda cha karatasi kilipofungwa
baba alirudi na mkebe wake wa chakula,
akauweka juu ya kabati. Haukushuka tena.
Leo katika ukumbi uleule, palipokuwa na mashine namba tatu,
seva zinanguruma safu kwa safu,
na maji ya mto yaliyoloweka magogo
yanapoza kumbukumbu za watu nisiowajua.

Wanaliita wingu.
Mimi nalifagia.
Lina vumbi, lina panya mmoja,
lina mlango wa chuma unaodai kidole changu
na Januari huganda kama mlango wa zizi.

Usiku wa Jumanne, saa tisa kasorobo,
nilikuta ndoo iko wazi.
Ndoo: ndivyo tunavyoliita ghala humu,
na sijasikia jina la haki kuliko hilo.
Unateka, unajaza, unajitwika,
na usipofunika, kila nzi ni mgeni wako.
Hakuna mwizi aliyevunja kitu.
Mtu alikuwa akijaribu jambo, akaruhusu wote waone,
akaenda kunywa kahawa,
akahamishwa idara.

Ndani yake, kliniki ya wajawazito ya Kiviranta,
miaka hamsini na mitano.
Uzito wa vichanga. Damu. Mimba zilizotoka.
Jina la baba, au mstari mtupu.
Sikuwa nasoma, nilikuwa nahesabu,
ila jicho halina kifuniko nalo:
*Kettunen, Aune Marjatta. Machi, sabini na moja.*

Mama yangu.
Na mimi nimezaliwa sabini na tatu.
Mimi, kifungua mimba,
hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu nipate akili.

Nani angejua?
Daftari la milango lingejua:
linaandika kila mkono, saa na sekunde.
Na mlinzi wa daftari ni nani?
Fisi kakabidhiwa bucha,
na nyama iliyotundikwa ni ya nyumbani kwake.

Kidole kilikaa juu ya kitufe
mpaka feni zikabadili sauti, mara mbili.
Amana haikuulizi kama una njaa.
Nikafunga ndoo.
Nikabadili funguo zote,
nikaorodhesha waliokwisha kuchungulia:
mashine tatu za mbali, mbili zilipita njia tu,
moja ilikaa dakika kumi na nne.
Hiyo ya dakika kumi na nne ndiyo ninayoiota.

Asubuhi Ilpo Saarnio alisoma ripoti kabla ya kuvua glavu.
"Andika siku chache."
"Ni arobaini na moja."
"Taimi, *chache* ni neno safi kabisa la Kifini."
"Na arobaini na moja ni namba safi."
Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu.
Wanawake elfu sita wangepata barua.
Wengine wangelia, mmoja angerusha sahani ukutani,
na sahani ni yake, siri ni yake,
sisi tulipewa kushika tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Lakini sisi daftari tulikuwa nalo.
Kilichotaka kupotezwa ni habari.
Arobaini na moja ikabaki.

Barua ya mama ilifika Ijumaa.
Aliichana kwa kisu cha siagi,
akaisoma, akarudia,
akaikunja ikawa ndogo kama tiketi ya basi.

"Uliona?"
"Jina. Faili sikufungua."

Alinitazama muda mrefu,
kama mkunga anayepima mtoto kwa kiganja
kwa sababu mizani imeharibika.
Theluji iliporomoka kutoka paani, kishindo kimoja.
Akateremsha birika, akatoa vikombe viwili,
vile vya wageni.

"Alikuwa msichana," akasema.
"Kaa."