Wa Nne Mwezi Huu

Dada Tusajigwe,
nimefika Kijitonyama saa nne na nusu,
jua limeshanikalia mgongoni,
simu mkononi na zile picha zako kumi na moja.
Mtaa upo. Ghorofa lipo, la rangi ya maziwa ya unga.
Hata B7 ipo, imepakwa kwa brashi
na mtu aliyekuwa na haraka zake.
Mpaka hapo injinia wako hajasema uongo.

Ila nilipotazama juu
nikaona nondo kwenye kila dirisha,
hata la chooni.
Kwenye picha zako hakuna nondo.
Dirisha liko wazi kama mdomo wa mtu aliyelala,
na nje yake kuna bahari.
Dada. Kijitonyama. Bahari.
Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka kona ya jikoni:
soketi ina matundu mawili ya duara.
Pasi ya mama ungeichomeka wapi?

Nikapanda hivyo hivyo. Nikabisha hodi.
Akafungua mama mwenye miwani iliyofungwa uzi,
akavitazama viatu vyangu, akaitazama simu,
akasema, "Wa nne mwezi huu.
Ingia, mlango unaingiza mbu."

Anaitwa Mwalimu Asteria.
Ana miaka tisa humo ndani
na hajawahi kumsikia huyo injinia Derick
ambaye yuko Norway kwenye mabomba ya gesi,
hapokei simu, anapokea ujumbe tu,
na kila siku ana daktari mmoja
anayeitaka nyumba kabla ya Ijumaa.
"Amewapa namba ya mita ya LUKU?"
Hakutupa.
"Mwenye nyumba huijua mita yake
kama ulimi unavyolijua jino bovu."

Akatoa daftari la mahudhurio, la shule,
lile la mistari myekundu.
Ndani yake, majina.
Huyu yuko Guangzhou. Huyu Muscat.
Huyu alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege,
masanduku matatu, mtoto amelala begani,
akasimama pale pale niliposimama mimi
na mkataba uliopigwa muhuri.
"Nilimlaza hapa siku mbili."
Safu ya mwisho imeandikwa: Kiasi.

Nikasema, kwa majivuno kidogo,
dada yangu hajatuma hata senti.
Dada yangu mjanja, amenituma mimi kwanza nione kwa macho.
Mwalimu hakunijibu.
Aliishika kalamu tu, akangoja,
kama aliyezoea kungoja mtoto akumbuke mwenyewe.
"Mpigie."

Kwenu Turku kulikuwa hakujapambazuka.
Nikasikia birika. Nikasikia pumzi zako.
Kisha ukasema, alikuwa mpole.
Ukasema, alinisalimia Kinyakyusa, Ambele,
huku nani ananisalimia Kinyakyusa?
Miezi mingapi?
Mitatu tu.
Na jina lililotokea kwenye muamala?
La mwanamke. Alisema ni mkewe.

Nimeandika, dada. Mstari wa kumi na tisa.
Milioni moja na laki tano.
Vyumba vitatu kwa laki tano, Kijitonyama:
bei peke yake ilikuwa inatukonyeza.
Kesho napeleka ule muamala polisi.
Sikuahidi kitu.
Nilitaka kukukasirikia nikiwa ngazini,
zikaisha ngazi.

Mwalimu kanipa maneno, nayafikisha yalivyo.
Ukija Desemba usiukwepe mtaa huu kwa aibu.
Panda, bisha hodi.
Kochi lina springi imetokeza upande wa kushoto, usikae hapo.
Dirisha linatazama tangi la maji la jirani.
"Miezi mitatu ameshalipa," kasema,
"aje anywe chai."